Kokoto Kwenye Kopo: Shajara ya Utengamao kwa Simu, Mwanza na Visiwani

2 Julai 2025

Leo tumeanza mradi wa utengamao kwa simu, yaani mazoezi ya kumrudishia mgonjwa uwezo akiwa nyumbani kwake. Tuko watatu: mimi na mwenzangu, sote wa fiziotherapia, na muuguzi anayetushikia ratiba. Daftarini wamo wagonjwa 11, wote wamepooza upande mmoja kwa kiharusi, na wote wanafanana kwa jambo moja: wakisharuhusiwa wodini, kliniki hawaonekani tena.

Siwalaumu hata kidogo. Nansio, kisiwani Ukerewe, hadi Mwanza ni meli, zaidi ya saa tatu majini, na anayetoka Ukara huanza kwa kuvuka mpaka Bugolora. Mgonjwa wa kiharusi hasafiri peke yake. Anakuja na wa kumshika, wote wawili wale, wote wawili walale, na huko nyumbani mtu mmoja wa kazi amepungua. Yote hayo kwa ajili ya nusu saa ya mazoezi.

Wala mbali si kisiwani tu. Kati ya hao 11 yumo babu anayeishi Igogo, kule juu ambako nyumba zimekalia mawe. Mji anauona kutoka mlangoni kwake. Lakini kushuka ni ngazi za mawe zisizo na pa kushika, na siku alipoletwa, vijana wake walimbeba mgongoni kwa kupokezana. Kwenye safu ya umbali nilikuwa nimeandika "kilomita 2". Nimefuta, nikaandika "mawe".

Wa Sengerema wamepata nafuu: daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa tarehe 19 mwezi uliopita, kilomita tatu juu ya maji, na ile foleni ya kivuko haiwahusu tena. Aliyeko Kome bado ana ziwa mbele yake.

Mpango wetu ni huu. Kabla mgonjwa hajatoka, tunamfundisha ndugu yake mazoezi sita, tunampa karatasi yenye picha, tunamtumia video kwa WhatsApp, kisha tunapiga simu mara moja kwa wiki kuulizia maendeleo.

10 Julai

Wiki ya kwanza ya simu. Majibu yanafanana kama yametoka mdomo mmoja: "Tunaendelea vizuri, daktari, mazoezi tunafanya."

Nilifurahi, mpaka nilipomwomba binti wa mama mmoja wa Magu anieleze zoezi la tatu. Kimya. Kisha: "Lile la... la mkono?" Mazoezi manne kati ya sita ni ya mkono.

Hakuwa na nia ya kudanganya. Mtu aliyelelewa vizuri hamwambii mtaalamu aliyejitolea kumpigia kwamba kazi haikufanyika. Swali letu ndilo baya: linaomba jibu la heshima, na jibu la heshima ndilo tunalopewa. Kuhusu video, wawili tu ndio wamezifungua. Kwa wengine bando liliisha kabla hazijashuka.

16 Julai

Nimekesha na utafiti wa ATTEND wa India, uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2017. Walifanya karibu kilekile tunachofanya sisi, kwa ukubwa ambao hatutaufikia: wagonjwa 1,250 wa kiharusi, hospitali 14. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kwa kundi la pili, ndugu walifundishwa tangu wodini namna ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi na kupanga malengo pamoja naye, na mafunzo yakaendelea nyumbani hadi miezi miwili. Miezi sita baada ya kuanza walihesabu waliofariki au waliobaki tegemezi. Asilimia 47 huku, asilimia 47 kule.

Nilifunga faili, nikafungua tena nikidhani nimesoma vibaya.

Asubuhi nilimweleza mwenzangu, naye akasema kwa uchungu kwamba basi tunapoteza muda wa watu. Sikukubali, ila sikuwa na hoja. Nimetembea na jambo hilo kutwa nzima, na sasa hivi ndivyo ninavyoliona: ndugu ana upendo na ana mikono, lakini zoezi alilofundishwa siku ya kwanza ndilo atakalolifanya siku ya arobaini, vilevile, hata kama mgonjwa amelizidi au limemshinda. Kupandisha zoezi, kulishusha, kulibadilisha mgonjwa anapokosea: hiyo ni kazi yetu, na tulikuwa tumeikabidhi kwa karatasi yenye picha.

18 Julai

Utafiti wa pili tumeusoma pamoja, penseli mkononi. Steven Cramer na wenzake, Marekani, jarida la JAMA Neurology, 2019. Watu 124 waliokuwa na wiki 4 hadi 36 tangu kiharusi, mkono umelegea. Wote walipangiwa vipindi 36 vya dakika 70, katika wiki sita hadi nane. Kundi moja lilifanyia kliniki, jingine nyumbani kupitia kompyuta. Vipindi 18 mtaalamu anasimamia, 18 mgonjwa anafanya mwenyewe, na hesabu hiyo ilikuwa sawa kwa makundi yote. Kwenye kipimo cha Fugl-Meyer, kinachopima uwezo wa kujongea baada ya kiharusi na ambacho kwa mkono kina alama 66, wa kliniki walipanda kwa wastani wa 8.36 na wa nyumbani kwa 7.86.

Mimi nilipigia mstari hizo alama. Mwenzangu alipigia mstari 36, 18 na 70.

"Sisi tunatoa vipindi vingapi?" akaniuliza.

Simu moja kwa wiki, dakika nane, na hakuna zoezi hata moja linalofanyika tukiwa hewani. Jibu lilikuwa sifuri.

Niandike pia kile ambacho utafiti huu haunipi, nisije nikausemea. Wale walipelekewa vifaa na intaneti mpaka nyumbani, pamoja na michezo ya kufanyia mazoezi. Sisi tuna bando la wiki, na wagonjwa wanne wana kitochi tu. Hata mapitio ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2020 yaliyoongozwa na Kate Laver, majaribio 22 yenye washiriki 1,937, hayakuona tofauti kati ya utengamao wa mbali na wa ana kwa ana katika shughuli za kila siku, lakini yenyewe yanakiri kwamba ushahidi ni wa kiwango cha chini hadi cha kati. Kwa hiyo siwezi kusimama mbele ya familia nikasema simu yangu imethibitishwa. Ninachochukua ni dozi: mazoezi mengi, na jicho linalotazama yakifanyika.

Na dozi tunaikosa hata kliniki. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walikaa wakihesabu vipindi 312 vya tiba. Pale mgonjwa alipofanya kazi halisi kwa mkono, wastani ulikuwa marudio 32 kwa kipindi. Wanyama wa maabara, ambao kwao tumejifunza kwamba ubongo unaweza kujipanga upya, hurudia tendo mara mamia kwa siku. Nimekumbuka vipindi vyangu mwenyewe. Nusu ya muda tunasalimiana, tunatafuta kiti, tunazungumzia presha.

23 Julai

Mradi tumeupindua. Mazoezi sita yamekuwa matatu, na yote ni kazi anayoijua mgonjwa. Mara tatu kwa wiki tunakuwa naye hewani dakika 40 akifanya kweli. Siku nyingine anafanya na ndugu. Wagonjwa 11 kwa mpango huo ni saa 22 kwa wiki, saa 11 kwa kila mmoja wetu, na hatukuongezewa mtu. Muuguzi wetu amekomboa muda kwa kupunguza karatasi tulizokuwa tukijaza mara mbili.

Kuhesabu marudio kulitusumbua, kwa sababu ndugu husahau katikati na mgonjwa huona haya kuhesabu kwa sauti. Mama wa Nansio ndiye aliyetupa dawa. Alimtuma mjukuu aokote kokoto ufukweni, akaweka kopo tupu la maziwa kwenye kigoda. Kila akinyoosha mkono, kokoto moja inaingia. Kokoto yenyewe ndiyo zoezi: kuifuata, kuishika, kuiachia. Na mimi huku Mwanza nasikia inavyogonga bati la kopo, hata picha ikikwama.

Sasa siulizi tena kama mazoezi yanafanyika. Nauliza kopo limefika ngapi. Jana usiku mtu alinijibu, "Leo 18 tu, mkono umechoka," na sikumbuki jibu lililonifurahisha kuliko hilo tangu tuanze.

30 Julai

Wiki nzima ni ya kamera. Nyumba nyingi mwanga unaingia kwa mlango mmoja, na mgonjwa hukalishwa mlangoni apate hewa, simu ikiwa ndani. Ninachoona ni kivuli cheusi chenye sauti. Kwa hiyo tunageuza: simu mlangoni, mgonjwa akitazama mwanga. Simu isimame kwenye usawa wa kiuno, hatua tatu au nne kutoka alipo, na iwe ubavuni. Ukimtazama kwa mbele huoni kama mgongo unadanganya.

Kwa kamera ya ubavuni nimeona jambo ambalo nilipaswa kulijua mapema. Bibi mmoja wa Kisesa analalamikia bega tangu wiki ya pili. Kwa sauti nilimwuliza yote: linauma lini, linauma wapi, akilala vipi. Nikabadilisha mazoezi. Leo mjukuu alipomwinua kitini, nikaona amemshika kiganja cha mkono uliopooza, akavuta.

Bega la mtu wa kiharusi limeshikiliwa na misuli iliyolala. Ukivuta, mfupa unaachana na tundu lake kidogo kidogo. Kijana hakuwa na kosa, ndivyo tunavyowainua wazee wetu wote. Nilimwambia amfunge bibi kanga mbili kiunoni, fundo gumu, ashike hapo. Bibi akasimama, akasema, "Mbona leo nimekuwa mwepesi?"

Wodini tuliwafundisha ndugu mazoezi sita. Namna ya kumwinua mtu kitini hatukuwafundisha. Imeingia kwenye orodha, ya kwanza kabisa.

5 Agosti

Mgonjwa ameanguka nikiwa hewani.

Mzee wa Kome. Tulikuwa kwenye kusimama na kuketi. Mkewe alikuwa amemshika kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia, "Mama, sogeza kidogo nione miguu." Akasogeza. Mzee akayumba. Skrini ikaonyesha bati la paa, nikasikia kishindo, kisha mama akiita jina lake. Nilikaa nikitazama bati hilo kwa muda ambao sitausahau, sina cha kufanya, sijui hata jirani yao anaitwa nani.

Hakuvunjika. Walimpeleka kituo cha afya, wakamkagua, michubuko kwenye paja. Jioni mzee mwenyewe alinipigia kunipa pole mimi. Nilishindwa kujibu vizuri.

Kosa ni langu, na nimeandika utaratibu leo hii hii kabla ya kulala. Anayeshika simu hashiki mgonjwa. Simu iegemezwe kwenye dumu la maji au ndoo. Kama yupo mtu mmoja tu nyumbani, siku hiyo ni mazoezi ya kukaa. Kiti kigandamane na ukuta, na upande wa nguvu wa mgonjwa kuwe na meza nzito. Kila simu inaanza kwa maswali: nani yupo, jirani wa karibu ni nani na namba yake, zahanati iko umbali gani. Sekunde 30. Mwenzangu ameyabandika ukutani juu ya kiti chetu.

11 Agosti

Mvuvi wa Ukara, miaka 52, hapatikani wiki ya pili. Nilianza kumwandika kama aliyeacha. Muuguzi wetu, ambaye kwao ni visiwani, akanizuia: "Usimfute. Subiri mbalamwezi."

Anayemsaidia ni kijana wake, na kijana anavua dagaa. Dagaa huvutwa na taa, na taa inafaa usiku wa giza tu. Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi inapumzika. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 9. Jana simu ikapokelewa mara ya kwanza ilipoita, kijana yupo, amelala vya kutosha, anacheka. Akaniambia usiku wa giza anarudi alfajiri, anauza, analala mpaka mchana, na simu yetu ya saa tatu asubuhi ndiyo inayomkuta usingizini.

Tumepanga upya. Siku za mbalamwezi, vipindi vitano kwa wiki tukiwa hewani. Siku za giza, viwili, saa kumi jioni kabla hajaingia majini, na zinazobaki mzee anafanya mwenyewe na kokoto. Nimechora mwezi kwenye kalenda ya ratiba. Wagonjwa watatu wengine wa mwaloni, kwenye bandari ya wavuvi, tumewahamishia huko pia.

21 Agosti

Haraka haraka, siku ilikuwa ndefu.

Wa kitochi wanaendelea kwa sauti tu. Nasikiliza kokoto na pumzi: akishindwa kunijibu sentensi nzima, tunapumzika. Siwezi kuona bega wala mgongo, kwa hiyo mazoezi ya kusimama kwa sauti tumeyaondoa. Mara moja kwa wiki mbili mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye simu janja anapita nyumbani, tunapata picha ya dakika kumi. Dakika hizo kumi zina thamani kuliko nilivyotegemea.

Presha: mgonjwa apimwe zahanati mara moja kwa wiki na namba isomwe kabla ya kuanza. Mpaka tuliojiwekea ni 180 kwa 110. Ikizidi hapo hatufanyi mazoezi, tunampeleka aonwe. Vilevile kichwa kinachouma ghafla, kifua, udhaifu mpya, au mguu mmoja uliovimba.

Ridhaa ya picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na video ya mtu aliyepooza akijitahidi kusimama kwa kanga ni nyeti hata bila sheria. Tunamwuliza mgonjwa mwenyewe, si mtoto wake, na tunamwambia kwamba haturekodi. Mama mmoja alikataa kuonekana kichwa wazi. Tunamsubiri ajitande, ndipo tunawasha kamera.

8 Septemba

Jana usiku mwezi ulipatwa, mwekundu kabisa kuanzia saa mbili na nusu. Kijana wa Ukara alinitumia ujumbe wa sauti: baba yake ametoka nje kuutazama, kwa miguu yake, kanga kiunoni, na hakumwita mtu.

Leo tumepima. Kipimo ni kilekile cha kwanza: kusimama na kuketi kwa sekunde 30, kiti kilekile, ukuta uleule. Mama wa Nansio alianza na 3, leo 7. Mzee wa Kome bado 4, na naona hofu ya kuanguka ndiyo inayomkalisha kuliko mguu. Bibi wa Kisesa bega limetulia. Wawili hawakusogea. Wagonjwa tulionao sasa ni tisa: mmoja ametutoka kwa kiharusi cha pili, Mungu amrehemu, na mmoja amehamia Geita kwa mwanawe na namba haipatikani.

Sitaki kujidanganya na hiyo 7. Miezi ya mwanzo baada ya kiharusi mwili hujirudishia kiasi wenyewe, na hatuna kundi la kulinganisha. Ninachojua kwa hakika ni idadi ya kokoto. Julai mwanzoni sikuwa na namba yoyote. Sasa mama wa Nansio anapitisha 120 kwa siku, na nyingine zimegeuka kuwa dagaa: tumemhamishia kwenye chanja ya kuanikia dagaa. Anasimama, kiuno kimeegemea mti wa chanja, mkono dhaifu unageuza. Chanja iko kwenye usawa mzuri kuliko meza yoyote niliyonayo kliniki. Bintiye anasema amerudishwa kwenye zamu, na kwamba jana alimkaripia mtu kwa kugeuza vibaya.

24 Septemba

Babu wa Igogo. Tunasalimiana Kisukuma: "Mwangaluka, babu." "Mwangaluka." Wanawe wamefunga kamba ya nailoni kutoka nguzo ya mlango mpaka jiwe la kwanza kubwa. Leo ameshuka ngazi nne na kupanda nne, mwana mmoja mbele, mmoja nyuma, wa tatu na simu. Mguu wenye nguvu hutangulia kupanda, dhaifu hutangulia kushuka: amelikariri hilo, na mimi nikikosea ananisahihisha. Zimebaki ngazi nyingi. Nimewaambia wasiharakishe, na kamba wafunge fundo la pili.

Bando la mradi tunalinunua kwa mifuko yetu. Mwezi huu tumeandika ombi kwa uongozi wa kliniki kwamba saa za simu zihesabiwe kama saa za kazi, tukaambatanisha ratiba yenye mwezi na hesabu ya kokoto. Hatujajibiwa.

Kutoka utafiti wa Cramer bado kuna jambo hatujalifikia: dakika 70. Sisi tuko 40, na wengi hukomea 30. Mwenzangu anataka tugawe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, badala ya kurefusha. Tutajaribu na watatu kuanzia wiki ijayo, walioko karibu na zahanati kwanza.

Kesho saa kumi jioni, Ukara. Mwezi ni mchanga, kijana ataingia majini usiku. Mzee amesema kokoto sasa basi, ametoa wavu wa zamani na sindano ya kushonea, anataka nimtazame akijaribu kufunga fundo kwa mikono miwili. Vocha nimeshaweka.